Inacheza Kidogo

Mara ya kwanza mzee Hakosi kumwita "mwanangu," muuguzi alikuwa amelala chali nyuma ya gari la mkwewe, uso umemjaa matone ya maji machafu, anasugua tope chini ya bampa. Alidhani masikio yanamdanganya. Tangu amwoe binti wa mzee huyo alikuwa "yule kijana." Baadaye akawa "yule wa hospitali." Mapacha walipozaliwa akapandishwa cheo, akawa "baba yao." Siku hiyo mzee alisimama juu yake na kikombe cha chai, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Mwanangu, hapo nyuma pana shimo la kulabu ya tela. Kesho nitawanunulia keria ya baiskeli, ya kuchomeka hapo. Zawadi yangu kwenu."

Muuguzi alisema asante huku bado amelala. Mkono wake ulikuwa ndani ya shimo hilohilo la mraba, akitoa udongo uliokauka. Vidole vitatu viliingia na nafasi ikabaki. Aliliona hilo bila kulitilia maanani, kama mtu anavyoona rangi ya mlango.

Habari yenyewe ilikuwa nyepesi. Mapacha walikuwa wamefunga shule na kutangulia na bibi yao kwa shangazi, upande wa pili wa mlima. Walikuwa wameahidiwa baiskeli zao, na wazazi nao wangeenda na zao, ili familia nzima izunguke huko pamoja. Baiskeli nne, gari moja, na dereva mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia asiwe dereva.

Maana Hakosi alikuwa dereva wa lori enzi zake zote za kazi. Jina alipewa na wenzake kwa jinsi alivyokuwa akirudisha tela nyuma hadi ndani ya lango la ghala bila kuchungulia mara mbili. Hakosi nguzo, hakosi lango, hakosi saa. Jina lililokuwa la sifa likamganda kama ngozi. Lakini miezi michache nyuma aliacha gari sokoni, akalitafuta upande usio wake, akaenda kuripoti kwamba limeibiwa. Wanawe wakacheka. Mmoja akasema, kwa mzaha wa kijinga, kwamba sasa funguo zikae kabatini. Tangu siku hiyo mzee alilala na funguo chini ya mto.

Dukani walikwenda wawili tu, mzee na mkwewe. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba na mikono ya blauzi iliyokunjwa hadi kwenye viwiko. Wateja walimwita Mama Spoki. Alikuwa amezisimamisha keria mbili juu ya vyuma, kila moja na baiskeli yake.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

"Marahaba. Tunataka keria ya kuchomeka nyuma. Baiskeli nne."

"Gari lina shimo gani, mzee? Dogo au kubwa? Dogo ni inchi moja na robo. Kubwa ni inchi mbili."

"Dogo."

"Gari liko hapo nje? Nikalipime mara moja."

"Binti yangu, gari liko nje na mimi niko ndani. Niulize mimi."

Mama Spoki alicheka, lakini macho yake yalikwenda kwa muuguzi. Muuguzi akayatazama matairi yaliyoning'inia darini.

"Sawa. Kwa shimo dogo nina hii ya kutundika," alisema, akagusa keria nyembamba iliyotoa mikono minne kama mti uliopukutika. "Bomba la juu la fremu linakaa juu ya mikono, unafunga mkanda, basi. Ni nyepesi, unainyanyua peke yako. Lakini nikwambie ukweli. Za watoto huwa bomba limeinama, hazitundikiki vizuri. Na kwa shimo dogo mimi huwa nasema mbili, zikizidi sana tatu."

"Mikono iko mingapi?"

"Minne."

"Sasa."

"Mikono minne si ruhusa ya kubeba nne, mzee. Hata wewe una mabega mawili."

"Na nimebeba magunia kwa yote mawili," Hakosi akasema. "Hiyo nyingine je?"

Hiyo nyingine ilikuwa nzito, pana, na baiskeli ilisimama juu yake kwa magurudumu, kila gurudumu ndani ya kitanda chake cha chuma, na mkono ukaja kulikandamiza gurudumu la mbele. Mkia wake, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya shimo, ulikuwa mnene, na ubavuni una skrubu kubwa ya kuukaza usitikisike. "Hii ni ya shimo kubwa tu," Mama Spoki alisema. "Haigusi fremu, ya mtoto na ya mtu mzima zote sawa. Lakini kama shimo lenu ni dogo, haiingii hata ukiiombea."

Muuguzi aliutazama mkia wa ile nyembamba. Akaviangalia vidole vyake vitatu. Mkia ule ulikuwa mwembamba kuliko vidole hivyo.

"Baba," alisema, "labda angepima tu. Si kwa ubaya. Kwa uhakika."

Hakosi aligeuka polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimwekea mkono begani mbele ya yule mama.

"Mwanangu, shimo hilo nalijua kuliko ninavyolijua jino langu. Tuchukue hii ya kutundika. Mzigo ni kuning'inizwa. Baiskeli kusimama kama abiria, hayo ni mapambo."

Mama Spoki alimngoja muuguzi aseme neno. Mtu anaweza kusimama kati ya neno moja na jingine kama mtu aliyesimama katikati ya barabara. Neno "mwanangu" lilikuwa bado linamkalia begani, lina joto, na alijua likiondoka halitarudi kwa kuitwa. Akanyamaza. Keria ikafungwa kamba, ikabebwa.

Nyumbani mkia uliingia ndani ya shimo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Hakosi alichuchumaa akautazama. Muuguzi, aliyekuwa ameshika ncha nyingine, aliuona uso wa mkwewe ukibadilika kidogo tu, kama pazia lililoguswa na upepo kisha likatulia. Mzee akainuka, akaenda stoo, akarudi na mpira wa ndani wa tairi kuukuu. Akaukata vipande, akauviringisha mkia mzima, akaugonga kwa nyundo mpaka ukaingia. Akapitisha pini ya kuuzuia mkia usitoke. Akapiga keria kofi.

"Imekaa."

Muuguzi aliishika ncha akaisukuma. Ikaenda, ikarudi.

"Inacheza kidogo, baba."

"Mzigo usiocheza huvunjika," Hakosi akasema. "Nimebeba vioo mimi, vioo vya madirisha ya ghorofa, na sikuwahi kushusha hata kimoja chenye ufa. Unajua siri yake? Unavifunga vikacheza. Ukivikaza kama una hasira navyo, vinakuachia vipande."

"Sisemi baiskeli. Nasema..."

"Nimekusikia. Inacheza. Nami nimekwambia ndivyo inavyotakiwa."

Hapo ndipo neno moja lilipokuwa na watu wawili ndani yake, kila mmoja akilivuta kwake. Kwa muuguzi, kilichocheza ni chuma ndani ya shimo, na chuma kinachocheza hujitafuna. Kwa mzee, kilichocheza ni mzigo, na mzigo unaocheza uko salama. Au labda mzee alielewa barabara, akachagua kujibu swali ambalo hakuulizwa. Hata muuguzi hakujua ni lipi.

Jikoni mkewe alikuwa anamenya viazi.

"Mwambie wewe," muuguzi akasema. "Ni baba yako."

"Ni mkwe wako. Mimi nikisema ataniambia nilikojoa kitandani mpaka darasa la kwanza."

"Kwani uongo?"

"Usinichekeshe, nina kisu." Aliweka kiazi chini. "Sikiliza. Ukimwambia amekosea inchi, yeye hatasikia inchi. Atasikia tunataka funguo. Atakaa kwenye kiti hapo barazani na hatainuka tena. Nimemwona babu yangu akifa hivyo, mzima wa afya."

"Na keria je?"

"Ifunge kamba. Uifunge vizuri. Tutakwenda polepole."

Akaifunga kamba. Aliifunga kwa namna zote alizojua, mpaka keria ikafanana na mgonjwa aliyefungwa bendeji na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Mzee usukanini, binti yake pembeni, muuguzi kiti cha nyuma, shingo imegeuka kama ya bundi. Kwenye barabara ya tambarare baiskeli zilitikisika pamoja, kushoto, kulia, kwa adabu. Redio ilikuwa juu kwa sababu sikio la kulia la mzee lilikuwa limeanza kustaafu. Muuguzi alianza kupumua.

Kisha mlima ukaanza. Walipanda bila tatizo. Tatizo lilikuwa ng'ambo yake, mahali barabara inaposhuka kwa kona, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande mwingine. Kila Hakosi alipokanyaga breki, keria nzima ilisogea mbele, ikagota, kisha ikarudi nyuma na kugota tena. Ko. Ko. Baiskeli za watoto, ambazo kweli hazikutundikika vizuri, zilikuwa zimeinama upande mmoja.

Pikipiki ikatokea nyuma yao. Aliyeiendesha alikuwa kijana, na amempakia msichana mdogo mwenye begi mgongoni, kichwani hana helmeti. Ilisogea karibu, ikanyemelea nafasi ya kupita, ikarudi, ikasogea tena. Msichana alikuwa anaziangalia baiskeli. Muuguzi aliona kwamba anatabasamu.

Kazini kwake, chumba cha majeruhi, aliwahi kumpokea mtu aliyekuwa nyuma ya gari lililobeba ngazi. Hakuikumbuka sana sura ya majeruhi. Alimkumbuka mwenye gari, mtu mzima, amekaa kwenye benchi la ukutani akirudia kwa kila aliyepita: "Nilifunga mwenyewe. Nilifunga mwenyewe."

"Baba," alisema, "tungepumzika kidogo."

"Umechoka na nini? Umekaa."

"Nimebanwa na haja."

"Jikaze, mwanangu. Huku hakuna pa kusimama. Chini kuna daraja, utajisaidia kiungwana."

Mkewe aligeuka akamtazama. Aliona alichokiona mumewe kupitia kioo, akauma mdomo.

"Baba, punguza basi mwendo," alisema.

"Nikipunguza zaidi ya hapa tutarudi nyumbani."

Ko. Ko. Halafu sauti ikabadilika. Haikuwa tena ya kugota. Ilikuwa ya kukwaruza, ndefu, ya chuma kinachoteleza juu ya chuma. Kipande cheusi cha mpira kiliruka kutoka chini ya gari, kikaviringika barabarani. Pikipiki ikakikwepa, ikasogea karibu zaidi. Kamba mbili kati ya zile za muuguzi zikalegea. Keria ilishuka nyuma, si sana, lakini gurudumu la baiskeli ya mwisho lilikuwa sasa linalamba lami.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Muuguzi alikuwa amelisikia la mkuu vizuri kabisa, na guu lililokuwa linakaribia kuvunjika lilikuwa la mtoto wa watu.

Akainama mbele, mdomo karibu na sikio zuri la mkwewe.

"Simamisha gari."

Aliisema kwa sauti ileile anayoitumia wodini, sauti isiyopanda. Hakusema baba. Hakusema tafadhali.

"Unasema?"

"Umekosea. Shimo ni kubwa, keria ni ndogo, na inatoka sasa hivi. Nyuma yetu kuna pikipiki ina mtoto. Usikanyage breki kwa nguvu. Simamisha."

Kwa muda ambao gari lilichukua kuimaliza kona, hakuna aliyejua mzee atafanya nini. Kisha mkono wake ukaenda kwenye gia. Akashusha, injini ikanguruma na kulivuta gari nyuma, akashusha tena. Akawasha taa za hatari. Akatoa mkono dirishani, kiganja kimefunguka, akaupungia chini taratibu kama mtu anayemtuliza mbwa, na pikipiki ikaelewa, ikabaki nyuma. Gari lilisogea pembeni kidogo kidogo, bila mshtuko hata mmoja, mpaka matairi yakasikika yakisaga kokoto chini ya ukuta wa mawe. Lilisimama kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa mezani. Nyuma yao kitu kikaanguka, kizito, mahali pamoja.

Pikipiki ilipita polepole. "Mzee, hivyo vyuma chakavu unauza au unamwaga?" kijana akauliza, na msichana akacheka, wakateremka zao.

Hakosi hakushuka. Alizima redio.

"Umeniambia nini?"

"Nimesema umekosea."

"Kabla ya hapo."

"Nimesema simamisha gari."

"Bila baba."

"Bila baba," muuguzi akasema.

"Baba, alikuwa..." binti akaanza.

"Wewe nyamaza. Tunaongea wawili."

Walishuka. Pini ilikuwa imepinda kama kidole cha mwenye baridi yabisi, na keria ilikuwa imelala chini, inashikiliwa na kamba moja. Baiskeli ya mwisho ilikuwa na kanyagio lililosagika. Mzee alichuchumaa, magoti yakalia, akaingiza vidole vyake mwenyewe ndani ya shimo. Akavizungusha humo.

"Dogo lilikuwa la gari la kijivu," alisema. "Lile nililouza."

Binti yake alitazama bondeni.

"Ulijua lini?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Vidole vitatu viliingia nilipokuwa nalisafisha."

"Kabla ya duka."

"Kabla ya duka."

"Ukaniacha niseme vile mbele ya yule mama. Ukaniacha nigonge mpira kwa nyundo kama mwehu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Muuguzi alikuwa na majibu mazuri. Heshima ilikuwepo, na huruma ilikuwepo, na mambo ya funguo yangetosha kabisa. Akayaacha yote.

"Ulikuwa umeniita mwanangu," alisema.

Hakosi alitoa vidole, akavipangusa kwenye suruali.

"Basi ulinunuliwa kwa bei rahisi."

Maneno hayo yalimwingia muuguzi kama sindano aliyojidunga mwenyewe. Alisimama akiyapokea. Mzee aliinuka kwa kushika bampa, na muuguzi hakumsaidia, kwa sababu hakujua kama mkono wake bado unaruhusiwa.

"Wanangu wanne," Hakosi akasema, "kuanzia huyu hapa, wananibishia tangu wakiwa na meno mawili. Mmoja aliniambia sijui kufunga kamba ya kiatu. Sijamkana hata mmoja. Wewe umekaa kwangu miaka yote unaniitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kama mwangwi. Ningejuaje kama humo ndani mna mtu?"

Muuguzi alifungua mdomo.

"Usiseme ndiyo baba."

Akaufunga.

Kazi ilibaki, na kazi ina huruma zake. Waliikunja siti ya nyuma. Baiskeli mbili za watoto zikaingia, na keria yenyewe ikalazwa juu yake. Zile mbili za watu wazima hazikuwa na pa kukaa.

"Hizo zitaendeshwa," mzee akasema. "Nyinyi si mlitaka mazoezi?"

Hapo binti yake akauliza lile swali, kwa sauti ya chini, huku anajifanya anakaza kanyagio. "Na wewe baba? Utaendesha?"

Funguo zilikuwa mkononi mwa mzee. Alimtazama mkwewe, si kwa kuomba, lakini alimtazama.

"Kichwa chako kimeanza kuchanganya magari," muuguzi akasema. "Hilo tutalizungumza tukifika, na mimi sitalinyamazia. Lakini mkono haujachanganya kitu. Mimi ningekanyaga breki pale, na yule msichana angekuwa chini. Endesha."

Mzee aliingia garini. Hakusema asante wala hakusema vibaya.

Wakateremka hivyo. Muuguzi mbele, mkewe nyuma yake, na gari la Hakosi nyuma yao, taa za hatari zinawaka na kuzima, limewakinga kama kuku aliyetandaza mbawa. Lori likapiga honi. Basi likapiga honi. Hakosi hakusogea. Breki za muuguzi zilikuwa zinanuka, mikono inauma, na hakuweza kujua kama nyuma yake yuko baba au hakimu.

Chini, karibu na daraja, barabara ilipanuka. Gari likamfikia ubavuni, kioo kimeshushwa.

"Kaa kushoto, wewe," mzee akasema.

"Niko kushoto."

"Hauko."

"Niko, baba. Aliye katikati ya barabara ni wewe."

Mke wake nyuma aliacha kukanyaga. Magurudumu yalizunguka yenyewe, tik tik tik tik.

Kisha, polepole, bila neno, gari likasogea kushoto.